Michirizi haikuumbui dada, 'dawa' ya kuifuta ndiyo itakuumbua

KAMA wewe ni mtu wa saluni, hili umeshaliona. Mazungumzo yanaanza na nywele, yanapita kwa waume za watu, yanatua kwenye sare za kitchen party ya Jumamosi. Halafu mmoja anashusha sauti, anamvuta mwenzake pembeni na kumuuliza: "Hivi shosti, kuna dawa gani ya michirizi?"

Mimi kinachonishangaza ni huko kunong'ona. Sista duu ambaye haoni haya kusimulia mbele ya watu kumi alivyomfumania bwana wake, likija suala la mistari ya mapajani anaongea kama anayeungama dhambi. Na kwa vile swali limenong'onwa, jibu nalo linakuja kwa kunong'ona: kikopo kisicho na jina, kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, kimetoka mkobani mwa mtu anayejuana na mtu. Wiki ya kwanza mnunuzi anasifu. Mwezi wa sita anavaa mikono mirefu kwenye joto la Dar es Salaam, na ukimuuliza anasema eti ana mafua.

Basi leo tuitoe michirizi chumbani, tuiweke barazani, tuiangalie vizuri.

NI KITU GANI HASA?

Ngozi yako siyo kitu kimoja kama nailoni. Ina tabaka la juu, lile unalolipaka mafuta kila asubuhi, na chini yake kuna tabaka nene la ndani. Huko ndani kuna nyuzi za aina mbili. Za kwanza zinaitwa kolajeni, hizo ndizo zinazoipa ngozi nguvu. Za pili ni elastini, hizo ndizo zinazoifanya ivutike na kurudi mahali pake.

Chukua mfano wa lastiki ya sketi. Ukiivuta taratibu inavutika, ukiiachia inarudi. Lakini ukiivuta sana tena ghafla, ndani yake nyuzi zinakatika hata kama kitambaa cha juu hakijachanika. Ukiitazama unaona imelegea, ina mikunjo, hairudi tena kama ilivyokuwa. Michirizi ni hivyo hivyo. Mwili umekua haraka kuliko uwezo wa ngozi, nyuzi za ndani zimekatika, na mwili umeziba kwa haraka haraka kama fundi wa viraka. Kile kiraka ndicho unachokiona kwa nje.

Kwa maneno mengine michirizi ni kovu. Kovu lililotokea ndani, bila wembe wala kisu, na ngozi ya juu ikabaki nzima. Ndiyo maana hutoki damu.

Sasa hapo tia akili. Kama kilichokatika kiko tabaka la chini, wewe unayekwangua juu kwa jiwe la kusugulia miguu unamkwangulia nani? Wapo wanaosugua kwa dodoki mpaka wanatoka vidonda. Wapo wanaopaka ndimu kisha wanakaa juani ili "ikolee". Huyo wa ndimu namwonea huruma zaidi, maana maji ya ndimu yakikutana na jua kali juu ya ngozi huunguza, yanaweza kuinua malengelenge na kuacha madoa meusi ya miezi kadhaa. Alikuwa na mistari tu, sasa ana mistari na mabaka.

Lakini kuvutika peke yake hakutoshi kuieleza michirizi. Utawakuta wajawazito wawili, matumbo yanalingana, wote wanakula chipsi mayai kutoka kwa kijana yule yule, mmoja anatoka na michirizi kama ramani ya barabara za mkoa, mwingine tumbo linabaki kama kioo. Hapo kuna mambo mawili. La kwanza ni asili. Mwangalie mama yako. Kama yeye anayo, na wewe uwezekano wa kuipata ni mkubwa. La pili ni homoni. Juu ya figo zako kuna tezi ndogo zinazotengeneza homoni iitwayo kotisoli. Kazi zake mwilini ni nyingi na tunaihitaji, lakini ikizidi inadhoofisha zile nyuzi nilizokutajia. Wakati wa kubalehe na wakati wa ujauzito homoni zinacheza sana, na ngozi inakuwa rahisi kukatika ndani.

Hilo jina, kotisoli, lishike. Tutalirudia, na ndipo kasheshe lilipo.

AKINA KAKA, MSICHEKE

Wengi wanadhani hii ni shida ya wanawake waliozaa. Si kweli. Wasichana wanaanza kuipata pale wanapovunja ungo: mapajani, nyongani, kwenye makalio na matitini. Hajazaa, hajanenepa, amekua tu kama anavyotakiwa kukua.

Wavulana nao wanayo. Kijana anayerefuka kwa kasi, yule ambaye suruali ya shule ya Januari ikifika Juni inamfika kwenye vifundo, mara nyingi hupata mistari ya kulala mgongoni, karibu na kiuno. Inafanana kiasi kwamba kuna watoto ambao watu wazima wamewadhania wamechapwa viboko nyumbani, kumbe ni urefu tu. Halafu kuna mabaunsa wetu. Ukitunisha misuli haraka, hasa mabegani na kifuani karibu na kwapa, ngozi inalipa. Kwa hiyo kaka unayemcheka dada wa watu ufukweni, hebu kwanza vua hiyo fulana tukuone.

Kwa wajawazito ndiyo usiseme. Tafiti za nchi mbalimbali zinatofautiana, lakini nyingi zinaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya wajawazito huipata, na kwa kawaida inajitokeza kuanzia mwezi wa sita hivi kwenda mbele. Wanaobeba mimba wakiwa na umri mdogo ndio huipata zaidi, maana ngozi ya msichana haijakomaa kama ya mama wa miaka thelathini.

Na hapa kuna jambo moja lazima nilitie mdomo. Mtaani kuna imani kwamba msichana mwenye michirizi matitini au tumboni "ameshazaa akaficha" au ametoa mimba. Imani hiyo imewaliza wasichana wengi ambao hawana kosa lolote. Mchumba anaona, anamwambia dada yake, dada anamwambia mama, na maneno yanaanza kabla hata mahari haijapokelewa. Jamani! Michirizi haisemi kwamba mtu amezaa. Inasema tu kwamba ngozi yake ilivutika haraka mahali fulani wakati fulani. Mwanamke anaweza kuzaa watoto wanne asipate hata mmoja, na bikira wa miaka kumi na tano akawa nayo mapaja mazima. Mtu anayesoma historia ya mwenzake kwa kumtazama mapaja ni mpiga ramli, na ramli yake haijui kitu.

MPYA NA YA ZAMANI

Kabla hujatoa hata senti moja mfukoni, jua kwanza ya kwako ni ya aina gani.

Michirizi mipya ina rangi. Kwenye ngozi ya Kizungu inakuwa ya waridi au nyekundu, ndivyo unavyoiona kwenye picha za magazeti ya nje. Kwenye ngozi yetu huonekana ya zambarau, ya kahawia iliyokolea au nyeusi kabisa. Wakati mwingine inawasha, na ukipitisha kidole unaisikia imeinuka kidogo. Hapo bado kuna damu nyingi inayopita, kiraka bado kinashonwa.

Baada ya miezi, au mwaka na zaidi, rangi inaondoka. Inabaki mistari iliyopauka kuliko ngozi ya pembeni, inang'aa, imebonyea kidogo na ina vijikunjo vidogo vidogo. Hiyo ndiyo ya zamani, kiraka kimeshakauka.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Mipya inaweza kusaidiwa. Ya zamani inapungua kuonekana, haifutiki. Anayekuambia ana kitu cha kuifuta kabisa ndani ya siku 14, muulize anataka mshiko kiasi gani, halafu muage.

KIINIMACHO CHA KIKOPO

Sasa turudi kwenye ile kotisoli. Kuna dawa zinazotengenezwa viwandani zinazofanya kazi kama hiyo homoni, ila kwa nguvu kubwa zaidi. Zinaitwa steroidi. Hospitalini ni dawa za maana sana: zinatibu pumu, pumu ya ngozi na magonjwa mengine mengi. Mojawapo ya kupaka ni klobetasoli, ambayo iko katika kundi la steroidi kali kuliko zote za ngozi. Daktari akikuandikia hiyo, atakupa uipake sehemu ndogo, kwa kawaida isizidi wiki mbili mfululizo, na kwa ngozi ya watu wazima haitakiwi kupita gramu 50 kwa wiki. Halafu anakuambia uache.

Sasa nenda kwenye meza za vipodozi ukaone. Klobetasoli hiyo hiyo inauzwa kama krimu ya uso, kama mafuta ya kung'arisha, ndani ya kopo lenye picha ya kimwana anacheka. Mtu anaichanganya na mafuta mengine mawili matatu, anapata mkorogo, anajipaka mwili mzima asubuhi na jioni. Siyo wiki mbili, ni miaka miwili.

Steroidi ikikaa kwenye ngozi muda huo wote inaziambia chembe zinazotengeneza kolajeni ziache kazi. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na jeraha dogo tu halifungi upesi. Waulize madaktari wa upasuaji. Kumshona mtu aliyejichubua miaka mingi ni shughuli. Na nyuzi za ndani zikishadhoofika, hazihitaji mimba wala unene ili zikatike. Ukiinama tu, ukipanda tu daladala. Michirizi inatokea, tena mipana kuliko ile ya kawaida, na inatokea mahali pa ajabu: ndani ya mikono, kwapani, kinenani, nyuma ya magoti, hata kifuani.

Kwa maneno ya mtaani: mkorogo unaleta michirizi.

Na kiinimacho chenyewe ndicho hiki, tulia unisikilize. Dada anaona mistari myeusi imejitokeza. Anarudi kwa yule yule aliyemuuzia mkorogo, analalamika. Anaambiwa, "Usijali mpenzi, kuna ya michirizi." Anapewa kikopo kingine, na ndani yake mara nyingi ni steroidi ile ile. Akipaka, mishipa midogo ya damu inabana na rangi inapauka, kwa sababu steroidi inafanya hivyo. Baada ya wiki moja mistari inaonekana imefifia. Dada anafurahi, anawaambia wenzake saluni, na wenzake wananunua. Kumbe huku ndani nyuzi zinaendelea kukatika. Miezi inapita, mistari inarudi mipana zaidi, na yeye anaongeza dozi. Anayeuza tatizo ndiye anayeuza dawa, na mteja anamshukuru!

Ndiyo maana nasema ile ya kubalehe au ya mimba haikuumbui. Ile inakuja, inakaa, inafifia. Ya mkorogo haiachi kuongezeka mpaka mkorogo uachwe, na hata ukiachwa, ile iliyokwisha kutokea haiondoki.

Tena haiishii kwenye ngozi. Ukipaka mwili mzima, dawa inaingia kwenye damu. Dakar, Senegal, watafiti waliwafuatilia wajawazito 99, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2007. Wanawake 68 kati yao walikuwa wakijichubua huku wana mimba. Waliotumia steroidi kali walikutwa na kotisoli kidogo kwenye damu yao, kondo la nyuma dogo zaidi, na walizaa zaidi watoto wenye uzito mdogo. Hebu fikiria: mtu anapaka ili tumbo lisiwe na mistari, anayelipa ni mtoto aliye ndani ya tumbo.

Sheria ipo. Hapa Tanzania vipodozi vyenye steroidi, zebaki au hidrokwinoni vimepigwa marufuku tangu siku nyingi. Kazi ya kuvisaka ilikuwa ya TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na mwaka 2019 suala la vipodozi likahamishiwa TBS. Mara kwa mara utasikia shehena imekamatwa na kuteketezwa. Lakini biashara yenye wateja haifi kwa moto wa siku moja, na wewe usisubiri askari aje akukague kabati. Chukua kikopo chako, soma maandishi madogo ya ubavuni. Ukiona neno linaloanza na "clob", au "betameth", au "dexameth", hicho siyo kipodozi, ni dawa ya hospitali iliyovalishwa gauni. Kikiwa hakina maandishi kabisa, basi ndiyo kibaya zaidi.

Na vidonge navyo visisahaulike. Wapo wanaomeza dexamethasone ili wanenepe, makalio yaonekane. Uso unakuwa mviringo, mwili unajaa maji, bomba kweli kwa mwezi mmoja au miwili. Halafu michirizi inapasuka kila mahali, maana umeongeza vitu viwili kwa pamoja: umeinenepesha ngozi kwa ghafla, na umezidhoofisha nyuzi zake.

KIPI KINASAIDIA, KIPI NI HARUFU TU?

Tuanze na mafuta, maana najua mtauliza. Siagi ya kakao imesifiwa kuliko mafuta yote. Lakini ilipopimwa kwa haki, kundi moja linapaka siagi ya kakao na kundi jingine linapaka mafuta yasiyo nayo bila kujua nani kapewa nini, hapakuwa na tofauti. Hilo lilifanyika Lebanon kwa wajawazito 175, likachapishwa mwaka 2008. Likafanyika tena Jamaika kwa wanawake 300, likachapishwa mwaka 2010. Majibu yale yale. Mwaka 2012 jopo la watafiti wa Cochrane lilikusanya majaribio sita ya mafuta na krimu za ujauzito, jumla ya wanawake 800, likasema halikuona ushahidi wa kutegemewa kwamba chochote kati ya hivyo kinazuia michirizi. Mafuta ya zeituni nayo yamejaribiwa Iran, hakuna kitu.

Je, bibi yako wa pwani aliyekuwa akikukanda na mafuta ya nazi alikudanganya? Hapana. Mafuta yanailainisha ngozi, yanapunguza kuwasha, na ngozi isiyo kavu inaifanya mistari isionekane sana. Tena utafiti mmoja wa Uturuki wa mwaka 2012 ulidokeza kwamba waliopaka mafuta ya lozi kwa kukanda walipata michirizi michache kuliko waliopaka tu juu juu. Ni utafiti mdogo, siuwekei roho yangu dhamana. Lakini kukandwa tumbo polepole jioni, na mume akiwa ndiye mkandaji, hakuna aliyewahi kufa kwa hilo. Ila nunua mafuta ya nazi ya kawaida. Usinunue kichupa cha bei mbaya kwa sababu kimeandikwa kwa Kifaransa.

Singo na liwa vivyo hivyo. Bi harusi anang'aa, ananukia, ngozi iliyokufa inatoka. Mistari itabaki pale pale, lakini nani ataitazama mistari kwenye harufu ile?

Kitu ambacho kimeonyesha matokeo kwa mipya ni tretinoini, jamii ya vitamini A, dawa inayojulikana zaidi kwa kutibu chunusi. Mwaka 1996 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliwapa watu 22 wenye michirizi mipya. Wengine tretinoini ya asilimia 0.1, wengine krimu tupu. Baada ya wiki 24, urefu wa michirizi ya waliopata dawa ulipungua kwa wastani wa asilimia 14 na upana kwa asilimia 8. Ya wenzao wa krimu tupu iliongezeka. Unaona? Na hiyo ndiyo dawa yenye ushahidi. Asilimia 14, siyo mia. Inachubua kidogo na kuwasha, inataka kupakwa usiku na kujikinga na jua mchana. Na sikia hili kwa herufi kubwa: MWENYE MIMBA HAITUMII, na anayetafuta mimba pia haitumii. Inatakiwa daktari aiandike.

Kwa ya zamani kuna leza na kuna vile vijisindano vidogo vinavyotoboa ngozi ili iamshwe itengeneze kolajeni upya. Vinafanyika kwenye kliniki za miji mikubwa, kwa mizunguko kadhaa, na bei yake inataka mtu aliyejipanga. Vinaboresha, havifuti. Ila sisi wenye ngozi nyeusi tuna masharti yetu. Leza ikiwekwa na mtu asiyezoea ngozi nyeusi inaweza kuacha mabaka meusi au meupe mabaya kuliko ile mistari. Na kama wewe ni wale ambao ukitoboa sikio linaota nundu, vijisindano usivisogelee kabla daktari wa ngozi hajakuangalia. Na yule mwenye kifaa chake nyumbani anayetoboa wateja kumi kwa sindano zile zile, huyo usimpe hata salamu.

Halafu kuna njia ya bei rahisi ambayo hakuna anayeitangaza kwa sababu haina faida kwa mtu: kusubiri. Michirizi ya kubalehe na ya mimba hufifia yenyewe mwaka hadi mwaka. Wakati unasubiri, usinenepe na kukonda kwa vishindo, leo kilo 8 zimepanda, kesho "diet" ya maji na tango. Kukonda hakuifuti, na kunenepa tena kunakata nyingine. Kama kuna shughuli na gauni lina mpasuo, fundesheni ya rangi yako inaificha kwa jioni nzima.

Mwaka 2015 mwanamitindo wa Marekani Chrissy Teigen aliweka kwenye Instagram picha ya mapaja yake mwenyewe, michirizi ikionekana bila kufichwa. Watu wakashangaa kana kwamba ametoa siri ya serikali. Huyo anatembea na wapambaji na wapiga picha, hela anayo, na bado anayo. Zile picha laini laini mnazoziona kwenye simu zinapakwa rangi na kompyuta.

USIPUUZE HII

Michirizi yenyewe siyo ugonjwa, lakini kuna wakati inaleta taarifa ya ugonjwa. Kama huna mimba, hutumii mkorogo wala vidonge, na ghafla inatokea mipana kupita sentimita moja, ya zambarau iliyokolea, huku uso unakuwa mviringo, tumbo linakua lakini mikono na miguu inakonda, ukigongwa kidogo unavilia damu na presha inapanda, nenda hospitali. Huenda mwili wako unatengeneza kotisoli kupita kiasi. Ugonjwa huo unaitwa kwa jina la daktari wa Marekani Harvey Cushing, aliyeueleza mwaka 1932, na unatibika ukiwahiwa.

Mjamzito ambaye mistari ya tumbo imeanza kuota vipele vinavyowasha usiku kucha naye aende kliniki. Mara nyingi ni upele wa mimba usiomdhuru mtoto na huisha baada ya kujifungua, lakini kuna kuwasha kwingine kunakotokana na ini, na huko ndiko anayekupima atataka kukuondolea wasiwasi.

Na mgonjwa wa pumu au wa maradhi mengine aliyeandikiwa steroidi na daktari asije akasoma hapa akatupa dawa zake dirishani. Yako ni matibabu, mwulize daktari wako.

Sasa wewe uliyepaka mkorogo kwa miaka na leo umeamua kuacha. Safi sana, ila kuna namna. Mwili uliozoea kupewa steroidi kila siku unaweza kuwa umepunguza au umeacha kutengeneza kotisoli yake, na ukikata ghafla unaweza kuishiwa nguvu, ukatapika, presha ikashuka vibaya. Ngozi nayo inawaka, inavimba, inatoa vipele, na hapo ndipo wengi wanapokimbilia tena kikopo. Nenda kwa daktari wa ngozi akupunguzie kwa hatua. Kule Moshi, KCMC, kipo kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu mwaka 1992, na waliopitia pale wametawanyika katika nchi nyingi za Afrika. Hospitali kubwa za mikoani zinaweza kukuelekeza.

Na ukienda, usione haya. Kibebe na hicho kikopo, hata kama kimebaki kitupu, ukaweke mezani. Daktari akijua ulichokuwa unapaka, nusu ya kazi imeisha.